Shingo ya gitaa ya mbao ya kuokwa haifi? Jamani, mnawaumiza vijana

Juzi mazoezi ya kwaya dogo mmoja kaja na gitaa lake kalifunga kwenye kanga ya mama yake. Nikafungua, kichwa kimepasuka, ufa umeanzia kwenye tundu la skrubu ya funguo za kukazia nyuzi umeteremka na mshipa wa mbao hadi karibu na nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kichwa kinapokutana na shingo. Gitaa halina hata miezi minne! Hela kaipata kwenye vibarua vya zabibu, misimu miwili, na duka alilonunulia Dar lilimwambia shingo ni mepo (mbao ya mti wa maple) ya kuokwa kwahiyo "haiharibiki hii mdogo wangu, utamwachia mwanao". Naye kaamini, kabadilisha funguo mwenyewe, skrubu kazikaza kwa nguvu bila kutangulia na drili. Mbao ikaachia.

Nimeumia sana aisee, maana hicho alichoambiwa ni nusu ya ukweli na nusu iliyobaki ndo imemgharimu.

Mbao ya kuokwa ni kitu kizuri, sitabisha, tena kwa Dodoma huenda kuliko Dar. Sie huku mvua ni Desemba mpaka Aprili basi, baada ya hapo ni vumbi na upepo mpaka midomo inapasuka. Gitaa linapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na mchana wa Septemba hapa kwetu inashuka chini sana ya hapo. Anayepiga gitaa Dodoma anajua, ikifika Agosti ukiteleza mkono kwenye shingo ncha za freti, vile vichuma vilivyolala kwenye shingo, zinakukwaruza, sio kwamba freti zimerefuka, ubao ndo umesinyaa. Mvua zikirudi shingo inavimba, inajikunja upya, kila msimu unashika ki-alen, kile kifunguo cha pembe sita, kurekebisha chuma cha ndani ya shingo. Sasa mbao iliyookwa tabia hiyo inapungua sana, kwasababu wanaiweka kwenye tanuru lisilo na hewa ya oksijeni, joto kati ya nyuzi 160 na 200 na kitu, mle ndani kuna kitu kinaitwa hemiselulosi, ndo kinachopenda maji kuliko vyote kwenye mbao, kinavunjika. Ikitoka ni ya kahawia hadi katikati, sio rangi ya kupaka, na haivuti unyevu kama zamani. Wafini, watu wa Finland, wamefanya hivyo miaka mingi kwa mbao za nje ya nyumba, kampuni za magitaa zimekuja baadae, Music Man kwenye shingo, Yamaha na Martin kwenye ubao wa mbele zikitafuta sauti ya gitaa la zamani.

Lakini hicho kilichovunjika kilikuwa pia kinashikilia nyuzinyuzi za mbao zisiachane! Ukikitoa mbao inakuwa nyepesi, kavu, na inapasuka kirahisi kama biskuti. Kwahiyo kuhimili hali ya hewa imepanda na kuhimili kugongwa imeshuka, mambo mawili tofauti kabisa, na dukani wanayaita jina moja, "imara". Gitaa la kwaya linaanguka, linapanda bodaboda bila begi gumu, watoto wanalikanyaga. Muuzaji anajua hayo yote. Dakika moja tu ya kusema "toboa kwanza tundu dogo, paka sabuni kwenye skrubu, usilazimishe" ingemwokoa huyu mtoto.

Marehemu babu alikuwa seremala Kongwa, mninga wake aliuweka darini juu ya moshi wa jiko mwaka mzima ndo auguse. Sio kitu kimoja na tanuru, najua, ule ulikuwa ukaushaji wa kawaida. Ila mteja akija alimwambia kiti hiki kitavumilia nini na hakitavumilia nini, kabla hajapokea hela.

Sauti sitaki kugusa, wanaosema inaimba vizuri zaidi na wabishane.

Gitaa la dogo tumelitia gundi nyeupe kwenye ufa kwa sindano, tumebana na klampu mbili na vipande vya ngozi. Kashaniuliza mara tatu, "kaka, nilifungue kesho?" Hapana, mbao ya kuokwa inakunywa maji ya gundi polepole, inachelewa kushika. Ibada ya Jumapili atatumia langu.