Kabla ya Kumwogopa Ofisa wa Viza, Soma Fomu ya DS-7002

Wiki iliyopita binti wa dada yangu aliniandikia: "Mama mdogo, shikamoo. Nimepata nafasi ya J-1, hotelini, Florida. Naomba unifanyishe mazoezi ya maswali ya ubalozini." Nikamwitikia marahaba, nikampongeza kwa moyo mmoja, nikamwomba anitumie makaratasi yake yote ya J-1, viza ya Marekani ya programu za kubadilishana, ambayo kwake ni ya mafunzo kazini. Akatuma pasipoti, cheti cha chuo na risiti ya dola 220 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wageni wa namna yake. Fomu ya DS-7002, ile yenye mpango wa mafunzo, haikuwemo. Nilipouliza, akasema wakala alimtumia ukurasa wa sahihi peke yake, akasaini, akaurudisha.

Nimekasirika tangu siku hiyo, na hasira yangu haimhusu yeye. Inamhusu wakala aliyemkatia ukurasa mmoja kutoka kwenye hati inayompangia mwaka mzima wa maisha yake. Inawahusu ndugu walioanza kupiga hesabu za dola kabla mtoto hajapanda ndege. Nimepitia pia mazungumzo ya vijana wenzake wanaojiandaa, na karibu yote ni ya dirishani, kwa ofisa wa viza: nivae nini, nikiulizwa kama nitarudi nijibuje, nitaje ndugu aliyeko kule au ninyamaze. Sikuona hata mmoja aliyeuliza atafundishwa nini akifika, na nani, na kwa utaratibu gani.

Hofu ya dirishani naielewa. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamtaka ofisa amchukulie mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka aoneshe vinginevyo, na mazungumzo yenyewe huwa ya dakika chache tu. Dola 185 za ombi la viza hazirudi ukinyimwa. Haya, ogopeni. Lakini dirishani mnasimama mara moja na jambo linaisha. Mpango wa mafunzo mnaishi nao kila siku mnapoamka.

Kwa mafunzo kazini, J-1 ina milango miwili inayohusika hapa. Wa kwanza ni wa wanaosoma bado chuoni au waliohitimu ndani ya miezi 12 kabla ya kuanza, na wao hukaa hadi miezi 12. Wa pili ni wa wenye shahada au stashahada pamoja na angalau mwaka mmoja wa kazi nje ya Marekani, au wasio na cheti cha chuo lakini wana miaka mitano ya kazi huko nje. Hao hukaa hadi miezi 18, isipokuwa wa hoteli na utalii, na kwa kawaida wa kilimo, wanaoishia miezi 12. Milango yote miwili inadai DS-7002. Mwenyeji, yaani hoteli au kampuni unakokwenda, anaijaza; mdhamini, yaani shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuendesha programu, anaikagua; na wewe unasaini pamoja nao. Bila hiyo mdhamini hana ruhusa ya kukutolea DS-2019, cheti cha kustahiki programu, na bila DS-2019 hakuna viza.

Ifungueni muione. Mafunzo yamegawanywa kwa awamu. Kila awamu ina tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la msimamizi na sifa zake, kazi utakazofanya, ujuzi utakaopata, namna utakavyofundishwa, na namna utakavyopimwa kama umeelewa. Kuna saa za kazi kwa wiki, ambazo hazipungui 32. Kuna posho au mshahara, na kama hupewi kitu, hilo nalo limeandikwa humo. Kazi za kiofisi za kujaza faili na kupokea simu haziruhusiwi kupita asilimia 20. Kazi zisizohitaji ujuzi wowote zimekatazwa kabisa. Na kwa hoteli, programu ya miezi sita au zaidi lazima ikupitishe katika idara tatu au zaidi. Hayo yote ni kanuni za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mtu anayesaini bila kuyaona ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe wakala amelifunga kwa makusudi.

Mimi nilikwenda kwa J-1 Colorado, kwenye hoteli ya watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Mpango wangu ulisema mapokezi, kisha maandalizi ya mikutano, kisha usafi wa vyumba. Nilianzia kwenye usafi wa vyumba, na msimu wa theluji ulipopamba moto ikaonekana nitaishia hapo hapo. Asubuhi unapewa karatasi ya namba za vyumba, unasukuma toroli, unavua mashuka na foronya, unakunja pembe za shuka jipya mpaka zikae kama bahasha, unasugua bafu, unaweka alama, unahamia mlango unaofuata. Ni kazi ya heshima, na nimewaheshimu akina mama wa Mexico na El Salvador walioifanya kwa miaka mingi na kusomesha watoto kwayo. Ila pembe za shuka unazijua ndani ya wiki moja. Baada ya hapo hakuna kinachofundishwa. Kuna vyumba tu.

Tulikuwa na mwenzetu kutoka Ufilipino, kijana mtulivu sana. Fomu yake aliiweka kwenye bahasha ya plastiki, na pembeni yake daftari. Kila jioni aliandika tarehe, idara aliyofanyia kazi, saa, na jina la aliyemwelekeza. Hakuongea na mtu kuhusu daftari hilo. Programu inayozidi miezi sita lazima iwe na tathmini mbili, ya katikati na ya mwisho, na zote husainiwa na msimamizi pamoja na mwanagenzi. Ya katikati ilipofika, karatasi ilikuja imeshajazwa kwamba amejifunza mapokezi. Akairudisha mezani na kalamu juu yake. Akafungua daftari, akaliweka sambamba na DS-7002, akaonesha kwa kidole: awamu hii hapa, tarehe hizi hapa, mimi nilikuwa ghorofa ya tatu. Meneja alimwambia anaweza kurudishwa kwao. Akajibu kwa adabu kwamba angependa mdhamini awepo kwenye mazungumzo hayo, kwa simu, sasa hivi.

Alihamishiwa mapokezi, na nilipopeleka fomu yangu, nami nikahamishwa. Huko nikafundishwa mfumo wa kuhifadhi vyumba, namna ya kupanga bei siku zinapojaa, na namna ya kumtuliza mgeni aliyekasirika saa sita usiku. Hayo ndiyo ninayolipwa kwayo mpaka leo.

Tishio la meneja yule nimelisikia likitolewa kwa wengi, na linafanya kazi kwa sababu hatujui nani ameshika nini. Mwenyeji anaweza kukuachisha kazi. Programu yako hawezi kuifunga yeye; anayeweza ni mdhamini. Pasipoti yako haruhusiwi kuishikilia mtu yeyote. Haya yamo kwenye kijitabu cha haki ambacho ubalozi unatakiwa kukupa na kuhakikisha umekielewa, kwa sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Kila niliyemuuliza kuhusu kijitabu hicho ameniambia alikitia begini akakisahau. Lakini ukiacha kazi kimya kimya na kuhamia kwa mwajiri mwingine bila mdhamini kujua, hapo umempa sababu ya kukufungia programu, na hakuna daftari litakalokuokoa.

Wapo watakaosema nakuza mambo. Basi wakumbuke Pennsylvania, Agosti 2011. Mamia ya wanafunzi kutoka China, Nigeria, Romania, Ukraine na kwingineko, walioingia kwa J-1 ya kazi na matembezi ya kiangazi, waliacha kazi na kuandamana nje ya ghala lililokuwa likifungasha chokoleti za Hershey's. Walikuwa wamelipa maelfu ya dola kwenda kuiona Marekani, wakajikuta wananyanyua maboksi zamu za usiku, na kodi ya nyumba inakatwa kwenye mshahara. Mwaka uliofuata wizara ilibadilisha kanuni za kundi hilo: kazi za viwandani zikapigwa marufuku, na zile ambazo saa zake nyingi ni kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi zikapigwa marufuku pia. Hayo yalipatikana kwa sababu vijana walisimama pamoja na kusema hiki sicho tulichoahidiwa.

Na programu yenyewe ina asili ya kuheshimika. Inasimama juu ya sheria ya mwaka 1961 ya Fulbright na Hays, iliyosainiwa na Rais Kennedy ili watu wa Marekani na wa mataifa mengine wafahamiane zaidi. Ndiyo maana inaendeshwa na Wizara ya Mambo ya Nje badala ya Wizara ya Kazi. Nia njema kabisa, ila imeacha pengo: mahali pa kazi pa maelfu ya vijana panasimamiwa, kwanza kabisa, na shirika la udhamini linaloishi kwa ada, nyingi zikilipwa na vijana wenyewe. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wako wadhamini wanaopokea simu. Wangu alipokea. Wako na wenyeji wanaofundisha kwa moyo, na mameneja waliokaa na mgeni baada ya zamu mpaka akaelewa. Lakini huwezi kumjengea kijana mwaka mzima juu ya bahati ya kumpata meneja mwenye moyo.

Mengine nayasema upesi kwa sababu yanaulizwa kila siku. Bima ni lazima, isiyopungua dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Someni isichogharamia. Kwenye karatasi ya mshahara angalieni mistari ya Social Security na Medicare, makato ya pensheni na ya matibabu ya wazee: mtu wa J-1 ambaye kikodi bado si mkazi kwa kawaida hakatwi asilimia 7.65 hiyo, na wahasibu wengi wa hoteli hawalijui hilo. Sharti la kurudi nyumbani miaka miwili halimgusi kila mtu. Linategemea kama serikali imegharamia programu yako, au kama fani yako imo kwenye orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwako, au kama ni mafunzo ya udaktari. Siku 30 za mwisho ni za kufunga virago na kutembea, kazi haziruhusiwi.

Ninalolidai kwa nguvu ni hili. Kanuni inamlazimisha mdhamini kwenda kumkagua mwenyeji mgeni kwenye programu zake ikiwa tu mwenyeji huyo ana wafanyakazi chini ya 25 au mapato ya mwaka chini ya dola milioni tatu. Hoteli yenye vyumba mia nne, yenye wanagenzi ishirini wanaotandika vitanda, haimo kwenye ulazima huo. Aliyeandika hivyo aliona tapeli ni yule mdogo asiyejulikana. Hoteli kubwa haina haja ya kuwa tapeli. Inatosha msimu ukajaa, watu wakapungua, na mwanagenzi akawa ndiye wa karibu zaidi wa kushika toroli. Wizara iondoe kipimo hicho cha ukubwa, na ukaguzi ufanyike kabla ya tathmini ya katikati, wanagenzi wakihojiwa bila meneja kuwepo chumbani.

Mpaka siku hiyo, mdhamini anapokuhoji kwa video kupima Kiingereza chako, nawe muulize: idara zangu tatu ni zipi na kwa tarehe zipi, nani atanifundisha kila moja, na tathmini yangu ya katikati ni lini. Akisita, omba jibu kwa baruapepe kabla hujalipa senti nyingine. Na nyinyi mliorudi, acheni kuwaonesha wadogo zenu picha za theluji peke yake. Waambieni ni hoteli ipi iliyofuata mpango, ni shamba lipi lililogeuza mafunzo kuwa vibarua, na ni mdhamini yupi aliyepokea simu mlipompigia.