Betri Nimetoa, Umeme Hamna

Acheni kunitumia emoji za mishumaa, niko hai. Shoti nilipigwa kweli, maabara, mbele ya darasa, ila yule mwalimu wa Jiografia aliyewasimulia, mnayemwamini, hakuwepo maabara. Alikuwa darasa la jirani na mito yake ya Afrika, akasikia ukelele, akaja mbio hadi dirishani. Mengine yote katunga. Eti nilizimia. Eti nilimwagiwa maji. Maji nilikunywa, tena kwa glasi, nimekaa kwenye stuli kama binadamu.

Kidato cha Pili, mada kapasita (kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme), kipindi cha mwisho kabla ya chakula. Walimu wenzangu mnakijua: macho yako ubaoni, pua ziko kwenye makande. Nikasema leo mtaamka. Nikaja na kamera ya anko, zile za filamu, aliyopigia harusi za nusu ya mji kabla simu hazijamstaafisha. Kapasita ya flashi yake imeandikwa ubavuni: mikrofaradi 120 (ndiyo kipimo cha uwezo wake wa kutunza chaji), volti 330. Betri ni ile ya volti 1.5 kama ya rimoti, ila kuna saketi ndogo inayopandisha volteji mpaka huko mia tatu na kitu. Ile "wiiii" mliyokuwa mnaisikia harusini ndiyo saketi inailisha kapasita. Ikishiba, taa nyekundu inawaka.

Nikawapa na historia. Mwaka 1746, mwanasayansi Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, alipigwa shoti na chupa ya maji iliyotunza chaji, akaandika kwamba hata apewe ufalme wa Ufaransa harudii. Mwaka huohuo Nollet, mwanasayansi wa Ufaransa, akawashikanisha mikono walinzi 180 mbele ya mfalme wa Ufaransa, akawapitishia chaji, wakaruka wote kwa pamoja. Darasa likacheka. Mimi nikacheka kuliko wao, nikaigiza na namna walivyoruka. (Ndiyo, niliigiza. Endeleeni kusoma.)

Taa ikawaka. Nikachomoa betri, nikaiinua juu wote waione.

"Betri nimetoa. Kwa hiyo umeme?"

"Hamnaaa!"

Nikafungua kifuniko kwa bisibisi. Binti mmoja wa dawati la mbele, mpole, hajawahi kunisumbua tangu aanze shule, akanyoosha mkono. "Mwalimu, si umesema kapasita inabaki na chaji hata chanzo kikiondolewa?"

"Swali zuri sana," nikamjibu, huku vidole vikitafuta pa kushikia.

Gumba likatua kwenye mguu wa chanya. Kidole cha shahada kikatua kwenye hasi. Kiwiko kikaondoka bila ruhusa yangu. Mkono ukapita mbele ya pua, ukakumba boksi la chaki, chaki zikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Kamera ikapaa. Naiona hadi leo, inajizungusha taratibu hewani, lenzi inanitazama, inazunguka tena, inanitazama tena. Na katikati ya hayo nikasikia mtu mzima anaita, "Mamaaa!" Nikageuka nimjue ni nani. Darasa zima linanitazama mimi.

Wewe unayeandika "volti 330 tu", njoo kwangu, betri ninayo. Na kabla hujaja, jua kwamba mimi chaji ilinipita vidole viwili vya mkono mmoja. Ingeingilia mkono huu itokee ule, ingekatiza kifuani, na hizi stori angewasimulia mwingine. Kapasita haishikwi mpaka umeimaliza chaji kupitia rezista, kile kifaa kinachobana mkondo wa umeme. Rezista zilikuwepo, droo ya kushoto, pakiti nzima.

Yaliyofuata hayana utamu: mkuu wa shule kachungulia kaenda zake, chaki zikaokotwa, gumba likabaki na doa jeupe, anko kaambiwa kamera imepata hitilafu ndogo.

Shida ni yule binti. Mimi nikiwa bado nakunywa maji, yeye keshaenda ubaoni bila kutumwa. Nusu, mara C (zile mikrofaradi), mara V (zile volti) kipeo cha pili. Akazidisha, akapiga mstari chini ya jibu: jouli 6.5. Akawaelezea wenzake kwamba hiyo ni nishati ya kunyanyua kilo moja ya sukari kutoka sakafuni mpaka karibu kimo cha meza. Hesabu sahihi kabisa, sina pa kukosoa. Kisha akanigeukia kwa adabu zote.

"Samahani mwalimu. Yaani jouli sita na nusu ndiyo umeita mama?"

Nikamwambia afute ubao.