Bandama Haipapaswi kwa Simu

Tarehe 17 Machi 2020, korona ikisambaa, serikali ya Italia iliwafutia wahitimu wa udaktari wapatao 10,000 mtihani wa taifa wa leseni, ili waingie kazini mara moja. Siku iliyofuata Tanzania ikafunga vyuo vikuu. Uganda ikafunga tarehe 20. Wanafunzi wetu wa udaktari, hata wa mwaka wa mwisho, wakafungasha virago wakarudi kwa wazazi.

Waliowaondoa hawakukosa sababu. Barakoa zilikuwa haba hata kwa wauguzi, na raundi ya wanafunzi kumi na wawili kuzunguka kitanda kimoja ingesambaza maradhi wodini na mabwenini. Nani angependa kumpigia mzazi simu ya msiba?

Ninachokataa ni maneno yaliyofuata: kwamba hawakupoteza kitu, maana masomo yanapatikana mtandaoni, na anayelalamika ni mvivu. Famakolojia, yaani somo la dawa, sawa, utaisoma nyumbani bando likiwepo, na somo lililorekodiwa unalirudia mpaka likuingie. Lakini chukua bandama tu. Mgonjwa amelala chali. Unaanza chini kabisa kulia kwa tumbo, unapanda polepole kuelekea mbavu za kushoto, na kila akivuta pumzi unatulia, unasubiri ukingo wa bandama uje ukuguse vidole. Ukianzia juu, bandama iliyovimba sana inakupita chini ya kiganja na unaandika kwenye faili kwamba tumbo liko sawa. Mwanafunzi hukosea hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na daktari bingwa aliyesimama nyuma yake humshika mkono na kuushusha. Video inaonyesha mkono wa mtu mwingine. Wako hauoni kitu.

Tanzania ilifungua vyuo Juni 1, takriban wiki kumi na moja baadaye. Uganda iliwarudisha wa mwaka wa mwisho Oktoba 15, karibu miezi saba. Hesabu ni mikono mingapi haikushushwa katika miezi hiyo, hasa kwetu huku ambako malaria hujaza bandama kila siku na kipimo cha picha mara nyingi kiko hospitali ya mbali.

Najua Waitaliano wale walikuwa wamemaliza masomo, wetu bado. Hata hivyo mwanafunzi wa mwaka wa tano si mgeni wodini. Anachukua historia ya mgonjwa, anatoa damu, anakimbiza sampuli maabara. Wangebakizwa wawiliwawili kwenye wodi zisizo za korona, wakahesabiwa kwenye oda ya glavu kama watumishi wengine. Kuwafungia nje wote kulikuwa rahisi zaidi, na gharama yake haikuonekana siku ile. Ilikuja baadaye, kwa daktari tarajali aliye peke yake zamu ya usiku, mbele ya mtoto mwenye homa, akijiuliza aanzie wapi kuweka vidole.