Kiharusi cha Ukoo na Sahani ya Matunda

Mtu ambaye baba yake aliangushwa na kiharusi, na baba mkubwa vilevile, hakosi wa kumshauri. Wapo wanaomwambia ugonjwa huo ni wa ukoo, hauna kinga. Wapo wanaomhimiza ale papai na ndizi kila siku, mishipa itazibuka yenyewe. Kauli zote mbili zimetiwa chumvi, ila kwa maoni yangu ile ya kwanza ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu humfanya kijana wa miaka 35 asione haja hata ya kupima presha.

Wanaotetea matunda wana hoja nzito. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa China uliofuatilia watu wapatao 500,000, wa mijini na vijijini, kwa takriban miaka saba. Waliokula matunda kila siku, wakilinganishwa na ambao hawakula kabisa au walikula kwa nadra sana, walikuwa na hatari ya kiharusi cha mshipa kuziba iliyo pungufu kwa kama robo. Kwa kiharusi cha mshipa kupasuka, hatari yao ilipungua kwa zaidi ya theluthi. Lakini walaji hao walikuwa pia na elimu na kipato kikubwa zaidi, na sigara hawakuvuta sana. Watafiti walizitengea hesabu tofauti hizo, na hata hivyo hesabu haifuti kila kitu. Anayemudu tunda mwaka mzima, si msimu wa maembe tu, aghalabu humudu pia kununua dawa ya presha mwezi hadi mwezi.

Ndiyo maana mimi huupa uzito zaidi utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1997, ujulikanao kama DASH. Pale watu 459 waligawanywa kwa kura na kulishwa kwa wiki nane, huku uzito wao na kiasi cha chumvi vikidhibitiwa. Kwa wenye presha ya juu waliopewa matunda na mboga kwa wingi, namba ya juu ya presha ilishuka kwa kama 7 kuliko kwa waliokula chakula cha kawaida. Kipato hakiwezi kueleza hilo. Mojawapo ya sababu ni potasiamu iliyomo kwenye matunda na mboga, ambayo husaidia figo kutoa chumvi mwilini na mishipa kulegea. Na presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi. Utafiti huo haukupima kiharusi chenyewe, lakini njia inaonekana.

Sasa ukoo. Kuna hali ambapo vinasaba vina nguvu kweli, na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni mfano tunaouishi Afrika Mashariki. Bila tiba, karibu mtoto mmoja kati ya kumi wenye aina yake kali hupata kiharusi kabla ya miaka 20. Hapo matunda hayawezi kushika nafasi ya kupima mishipa ya ubongo kwa mawimbi ya sauti, kuongezewa damu au dawa ya haidroksiurea.

Kiharusi cha wazee wetu kwa kawaida si cha namna hiyo. Hutokana na vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo, juu ya presha, kisukari na umri. Uingereza, mwaka 2018, utafiti wa watu zaidi ya 300,000 ulionyesha kuwa theluthi yenye vinasaba vibaya zaidi ilikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 35 kuliko theluthi yenye vinasaba vizuri. Wenye mtindo mbaya wa maisha walizidi wenye mtindo mzuri kwa asilimia 66, na mtindo mzuri ulisaidia bila kujali kundi la vinasaba. Haki idaiwe pia upande huu: waliochunguzwa wote walikuwa wenye asili ya Ulaya, na kilichochangia zaidi kilikuwa sigara na unene, si chakula.

Nyumbani kuna jambo linalonifikirisha zaidi. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya wilayani Hai, vijijini mkoani Kilimanjaro, na katika eneo moja la jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 316. Makabila yanatofautiana, sawa, lakini Dar imejaa watu waliotoka huko huko bara. Sioni vipi damu peke yake izae pengo la karibu mara tatu. Na familia hairithishani vinasaba tu. Hurithishana pia mkono wa kutia chumvi kwenye mboga.

Mwenye kiharusi katika ukoo basi ana sababu kubwa zaidi ya kula tunda. Tuseme, kwa mfano tu, hatari yake ni 20 kwa 100 na ya jirani yake ni 10. Kinga inayopunguza sehemu moja kwa tano humwokolea yeye 4, jirani 2. Ale tunda lenyewe, si juisi iliyotiwa sukari wala embe bichi lililonyunyiziwa chumvi na pilipili, na vidonge vya presha aviendeleze. Ila mwenye figo zilizochoka aanze kwa kuuliza kliniki, kwa kuwa potasiamu ile ile ikimzidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo.