Mtoto Naye Huombwa Radhi

Jumamosi nilimfokea binti yangu wa miaka minne kwa sababu ya maji yaliyomwagikia karatasi zangu za kazi. Glasi nilikuwa nimeiweka mwenyewe, ukingoni kabisa mwa meza. Hakulia. Alikwenda kujificha nyuma ya pazia, vidole vya miguu vikichungulia chini. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile nilikuwa nimemshika bega, namlazimisha amwambie kaka yake samahani. Tena "sema vizuri, mtazame usoni."

Aibu ikanishika. Yeye huombeshwa radhi karibu kila siku. Mimi nilimwomba lini?

Neno samahani tunawafundisha watoto kama tunavyowafundisha kufunga mlango: litamke, kesi iishe. Lakini ni kwenye miaka minne hivi ndipo watoto wengi huanza kung'amua kwamba mwenzao anaweza kuamini jambo tofauti na wanalolijua wao. Ukimkamua wa miaka miwili aseme samahani, unachopata ni sauti tu. Majuto huyaona kwanza kwa mtu mzima, akiyaelekezewa yeye.

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wakaushe uso kwa muda mfupi, wasicheke wala kujibu chochote. Watoto walijaribu kila mbinu ya kumrudisha mama: tabasamu, sauti, mikono. Waliposhindwa wengi waligeuza uso, wengine wakalia. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa sana, nasi wazazi tukiisikia tunajilaumu. Mimi napenda zaidi inayofuata, pale mama anaporudi na wawili hao wakaanza kutafutana upya. Tronick alikuja kuonyesha kwamba hata mzazi na mtoto wanaopatana vizuri hupishana sehemu kubwa ya muda wanaposhirikiana, na kwamba mtoto hujenga imani kwa kuona kupishana huko kunarekebishwa. Kwangu mimi, mwenye sauti kubwa na subira fupi, hiyo ni habari njema.

Najua kuna watakaosema mtoto akiombwa radhi atampanda mzazi kichwani. Sikubaliani. Nikiomba radhi kwa kufoka, sheria ya nyumba haijafutika; vitu vya kuchezea bado vitaokotwa na saa ya kulala haisogei. Ninachorudisha ni haki yake.

Ila kuna namna ya kuomba radhi inayoharibu, nami nimeifanya sana. "Samahani nimekufokea, lakini na wewe umezidi." Hilo "lakini" linamrudishia kesi yule yule uliyemkosea. Nyingine ni kumlilia mtoto mpaka yeye ndiye akubembeleze. Na zawadi ya ghafla isiyo na maelezo humfundisha kwamba ukishamuumiza mtu, nunua kitu.

Jambo jingine dogo. Lugha yetu ina utajiri wa maneno ya ghadhabu za kitoto: kununa, kususa, kuzira. Anayenuna amevimba uso tu. Anayesusa amekikataa kitu ili umwone. Ni hali mbili tofauti, na mtoto akizijua kwa majina anaweza kukwambia ipi imemshika. Bahati mbaya sisi huyatumia kuwachekea: "Mwoneni alivyonuna!" Mtoto akisikia hivyo, siku nyingine atakuficha.

Basi nilikaa sakafuni karibu na pazia. Nikamwambia glasi niliiweka vibaya mimi, na kumfokea lilikuwa kosa langu. Kimya. Kisha sauti ikatoka nyuma ya kitambaa:

"Bado nimenuna."

Nikamjibu sawa, nipo hapa. Alitoka baada ya muda mrefu kuliko nilivyopenda, akapita bila kunitazama, akaenda kuchukua kitambaa cha kufutia maji.