Sikuwa nasali, nilikuwa navuta pedeli

Jamani, mlioipata ile habari kwamba nimelaza paji la uso kwenye usukani, katikati ya barabara, nikimwomba Mungu aliwashe gari, leo sikilizeni na upande wangu. Aliyeieneza ni rafiki yangu, alikuwa kwenye kiti cha abiria, sikatai, aliona kila kitu. Ila huyu bwana ana kinyongo na mimi, na kinyongo chenyewe ni cha kapeti. Nitafika huko.

Pedeli ya klachi ilianza kubadilika tabia kitambo. Asubuhi inashuka laini mno, gia ya kwanza inaingia kwa kukwaruza, rivasi inapiga kelele kabla ya kukubali. Nikawa nakanyaga mara mbili mbili, pap pap, gia inaingia, safari inaendelea. Nikajiona dereva mzoefu anayeelewana na gari lake.

Mnaoendesha otomatiki, niwape haraka haraka. Klachi ya namna hii haivutwi na waya. Ukikanyaga unasukuma oili ndani ya masta, yaani silinda ya pale kwenye pedeli, oili inapita kwenye paipu hadi kule giaboksi, na huko silinda nyingine ndogo inasukuma uma wa kuachanisha klachi, injini isisukume magurudumu. Oili haibonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika. Hewa inabonyea. Ikipenya humo, unakanyaga upepo.

Na oili nilikuwa naicheki! Hapo ndipo panaponiuma. Kila nikifungua boneti naangalia vikopo viwili, kikubwa cha breki, kidogo cha klachi. Kidogo kinapungua, naongeza. Kinapungua tena, naongeza tena. Sasa ningojeni kidogo. Kwenye breki, oili ikishuka polepole huenda ni pedi tu zinaisha: pistoni zinasogea mbele na oili inazifuata. Klachi si hivyo. Diski ikilika, pistoni ya kule chini inarudishwa nyuma, kwa hiyo oili kikoponi inaweza hata kupanda. Klachi hainywi oili. Ikipungua, kuna mahali imekwenda. Mimi sikuwahi kuuliza ni wapi. Nilikuwa nahudumia gari kwa moyo mkunjufu.

Mahali penyewe palikuwa kapeti la dereva. Masta imefungwa kwenye ule ukuta wa bati, mwili uko upande wa injini, fimbo yake inatokea miguuni mwako. Sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isivuje, ikichoka, oili inafuata fimbo, inateremka na pedeli, inalala ndani. Kapeti likawa na unyevu. Na kwa kuwa rafiki yangu aliwahi kuliazima gari siku ya mvua, hukumu ikatoka siku hiyohiyo: viatu vyake. Nilimsema. Nilimsema mbele ya watu, kwamba huyu ukimpa gari anakurudishia bwawa. Akajitetea kwamba maji ya mvua yangeshakauka, na tena maji hayatelezi namna ile. Nikamwambia asinifundishe kapeti langu.

Haya, twende barabarani.

Taa nyekundu. Mimi wa kwanza kwenye foleni, mbele yangu kivuko cha waenda kwa miguu. Gia ya kwanza iko ndani, klachi nimeikanyaga hadi mwisho, mguu wa kulia umekaa tu juu ya breki bila kubonyeza, ule ukaaji wa mtu anayejiamini. Rafiki anaongea. Nikaona mstari mweupe unasogea. Nikadhani ni gari la pembeni linarudi nyuma. Halafu nikamwona mzee ameingia kivukoni na mkongojo wake, anapita taratibu, na kadiri anavyopita anazidi kuwa mkubwa.

Nikaongeza kukanyaga klachi. Hapakuwa na cha kuongeza, mguu ulishagota sakafuni. Gari linatambaa. Nikakanyaga kwa hasira. Linatambaa. Rafiki akanyamaza katikati ya sentensi, na anayemfahamu anajua hiyo ni dalili mbaya kuliko taa yoyote ya dashibodi. Ndipo nikakumbuka kwamba breki nazo zipo. Gari likatikisika, likakohoa, likazimika, sisi wawili tukainama mbele kwa pamoja, kwa heshima zote, na mzee akasimama kututazama kupitia kioo.

Nikainua mguu. Pedeli haikufuata. Imelala sakafuni kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Taa ikawa kijani. Nikajaribu kuinyanyua pedeli kwa ncha ya kiatu, kiatu kikavuka. Nikajaribu kwa dole gumba, nikakamatwa na mkakamao wa mguu. Ikabaki mkono. Mliokaa vizuri jaribuni, gari likiwa limezimwa: usukani uko tumboni, na unataka vidole vifike ile pedeli ya kushoto kabisa. Lazima uiname hadi kichwa kikose pa kwenda. Nikainama. Bega likapita, kiwiko kikapita, vidole vikagusa chuma, na ndugu zangu, chuma chenyewe kililoa oili. Kinaponyoka. Nakishika, kinaponyoka.

Na hapo ndipo mjinga mmoja akaanza kupiga honi. Si ile ya pip pip ya kukumbushana. Honi ndefu isiyo na nukta. Nikasonya. Nikasema kwa sauti, watu wengine hawana hata chembe ya subira, mtu anaona mwenzake amepata matatizo na bado anamlilia honi masikioni! Nikamwambia rafiki, hebu toa kichwa umwambie huyo anyamaze. Rafiki hakujibu. Nilisikia tu kiti chake kinatetemeka.

Kioo cha dirisha kikagongwa kwa mkongojo.

"Kijana," sauti ya mzee, anapaza ili apite juu ya honi, "unataka nipite au nirudi nilikotoka?"

"Shikamoo mzee," nikajibu, mdomo ukiwa umebanwa kwenye usukani.

"Marahaba. Toa kichwa kwenye honi."

Nikatoa kichwa. Kimya kikaingia barabara nzima. Nilikuwa nimemtukana mtu kwa muda wote ule, na mtu mwenyewe ni mimi. Kwenye paji la uso, nembo ya usukani imejichora vizuri, inasomeka. Na kwa taarifa yenu, sikusema "Amina". Hiyo ameiongeza yeye.

Yaliyofuata si ya maana sana. Gia ikatolewa, tukasukumwa pembeni, boneti ikafunguliwa, kikopo kidogo kitupu, chini yake tope jeusi la mipira iliyolika. Washauri wakajaa. Mmoja anataka tutie oili ya injini. Msithubutu, inavimbisha sili zote za mfumo na hapo utanunua kila kitu. Mwingine alitaja maji, tukamtazama tu. Kinachoingia ni oili ya breki iliyoandikwa kwenye kifuniko, gari langu linatumia aina ya DOT 4, kutoka chupa ambayo haijakaa wazi, kwa sababu oili hiyo inanyonya unyevu wa hewa. Nilipomimina mkono ulikuwa bado unatetemeka, oili kidogo ikamwagikia madigadi, na sikuisuuza kwa maji palepale. Rangi imebabuka.

Fundi akabadilisha masta, kisha kazi ya kutoa upepo. Yeye chini kwenye nipo, kile kiskrubu cha kutolea upepo, rafiki yangu juu kwenye pedeli. Kanyaga, shikilia, fundi anafungua, povu linatoka, anafunga, achia. Na kila "achia" huyu bwana alikuwa anaiinua ile pedeli kwa kidole kimoja, taratibu, huku amenitumbulia macho.

Sasa anadai nikanushe lile la kapeti, hadharani, kwa maandishi. Nimeshaeleza hapo juu oili ilikuwa inakwenda wapi. Asome. Mara ya pili siandiki.