Mashine Haikunikimbiza, Mimi Ndiye Niliyekuwa Nyuma Yake

Rafiki yangu amekwisha kuwasimulieni kwamba mashine yangu ya kukata nyasi ilinikimbiza bustani nzima huku nikilia. Huo ni uzushi. Mashine ilikuwa mbele, mimi nilikuwa nyuma, na sauti iliyosikika haikuwa kilio bali maelekezo niliyokuwa nikiipa.

Chanzo cha yote ni waya mmoja. Mashine yangu ni ya zile zinazojiendesha: unabana wenzo kwenye mpini, wenzo unavuta waya, waya unakaza mkanda, na magurudumu yanazunguka; ukiuachia wenzo, springi huulegeza mkanda na mashine husimama. Waya ulipokatika nilizunguka maduka ya spea, na kila muuzaji alinijibu, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, kwamba vipuri vya aina hiyo havitengenezwi tena. Mmoja alinishauri ninunue mashine mpya. Nilimhurumia kwa kukosa ubunifu.

Usiku huo nilichomoa waya wa breki ya nyuma ya baiskeli yangu. Kichwa chake kilikaa kwenye tundu la wenzo kana kwamba kilizaliwa humo, na hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Niliukata mfupi kuliko ulivyotakiwa, nikaukaza kwa koleo mpaka ukalia kama waya wa gitaa, bila kufikiri kwamba waya uliokazwa namna hiyo huwa umekwisha kuukaza mkanda, wenzo ubanwe usibanwe. Springi ilikuwa imepotea. Nikaihesabu kuwa ni pambo.

Kosa la pili (mafundi mnaosoma, tafadhali rukeni aya hii) lilihusu ule mpini wa usalama unaozima injini pindi mkono unapouachia. Nchini Marekani, tangu 1982, sheria inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuuachia mpini wa namna hiyo. Mimi niliufunga kwa kipande cha mpira wa tairi, ili nipate mikono yote miwili ya kuvutia kamba ya kuwashia injini.

Nilivuta. Injini ikanguruma mara moja, nami, kwa muda usiozidi pumzi moja, nilikuwa fundi mkuu wa dunia. Kisha mashine ikaondoka. Haikuruka wala kukurupuka. Iliondoka kwa mwendo wa mtu anayerudi zake nyumbani, huku kishikio cha kamba kikiwa bado mkononi mwangu. Kamba ikajikunjua taratibu, nikiitazama, mpaka ikafika mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa mimi. Nyasi zilikuwa na umande na miguuni nilivaa kandambili. Kandambili ya kushoto ilibaki ilipokuwa. Mimi nikaendelea, kwanza kwa magoti, kisha kwa tumbo.

Msiniulize kwa nini sikuiachia kamba. Swali hilo mmeniuliza kumi na wawili tangu asubuhi. Niliamini kwamba nikiiachia, nitakuwa nimekiri.

Tukapita kwenye pengo la ua, tukaingia kwa jirani. Mama jirani, mtu wa rika la mama yangu mzazi, alikuwa akianika nguo. Macho yetu yalikutana nikiwa usawa wa vifundo vyake vya miguu, na malezi yangu hayakuniruhusu kumpita mkubwa kimya.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akisogea kunipisha. “Mnakwenda wapi?”

Sikupata nafasi ya kujibu, kwa sababu wakati huo mashine ilifika kwenye shuka lililoning’inia mpaka chini, ikalivuta, ikalizungusha kwenye kisu, ikakohoa mara mbili, ikazimika. Katika ukimya uliofuata nilisikia kicheko kutoka upande wetu wa ua, nikamwona rafiki yangu ameinua simu.

Shuka nimelilipa, samahani nimeomba, viwiko vinapona. Mama jirani sasa akiniona huniuliza kwanza kama niko peke yangu.

Hata hivyo, waya wa baiskeli haukukatika wala kulegea, jambo ambalo rafiki yangu amelificha kwa makusudi. Kesho nitakwenda kutafuta mashine mpya kwa yule muuzaji asiye na ubunifu. Nitakwenda kwa miguu, maana baiskeli haina breki ya nyuma.